Panya wa Kawaida

Jina lake nalijua. Ukoo wake naujua, na nyumba ya kwao ningeweza kukuonyesha ukipita barabara ya Mtinko. Sitaandika hata kimoja. Nitamwita Mwalimu, maana ndivyo tulivyomwita sote: wanafunzi, wenye maduka, hata mama yake mzazi alipotaka kumtania. Kufundisha aliacha zamani, jina likabaki limemganda.

Ukiuliza watu wa Mandewa watakwambia alikuwa mtu mpole. Ni kweli, alikuwa mpole. Nimekaa naye miaka, darasani kwanza halafu kazini, na sikumsikia akipaza sauti hata siku moja. Ila upole wa namna ile Mungu akuepushie. Mtu akikufokea unajua pa kumshika, nawe unamfokea, mnamalizana. Huyu alikuwa anakukatalia kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chai. Unashukuru, unatoka, unafika getini ndipo unagundua umenyimwa.

Alikuwa hawezi kuchinja kuku. Mtu mzima, mzaliwa wa Singida, nchi ambayo kuku wake wanapakiwa kwenye matenga hadi Dar es Salaam, anamwita mtoto wa jirani aje amchinjie, yeye anaingia ndani na kufunga mlango mpaka kelele ziishe. Kisha anatoka na kumla mpaka mifupa. Panya akiingia nyumbani kwake hamuui. Anamtega kwa ndoo na kipande cha ugali, anambeba mpaka kule kwenye mawe makubwa, anamwachia. Majirani walimcheka. "Mwalimu, huyo anarudi kabla yako!" Naye anajibu, "Akirudi, amerudi kwao."

Mimi sikumcheka. Nilisema moyoni, mtu asiyeweza kumuumiza panya hawezi kumuumiza mtu. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Darasani alikuwa mwingine kabisa. Shule yetu haikuwa na maabara ya kuitwa maabara. Kulikuwa na kabati lenye hadubini iliyovunjika kioo, na chura mmoja ndani ya chupa, mweupe kama sabuni. Siku moja nikiwa kidato cha pili alikuja na nailoni mbili, zile za kupitisha mwanga. Kwenye moja alikuwa amechora mifupa ya panya kwa wino mweusi. Kwenye ya pili alichora ini, moyo na figo kwa wino mwekundu, bila mfupa hata mmoja. Akabandika ya kwanza dirishani.

"Hii inakuambia kitu kiko wapi," akasema. Akabandika ya pili pembeni. "Hii inakuambia kitu kinafanya nini. Mwenye picha moja tu ni chongo."

Akazipandanisha. Jua likapita katikati, na pale dirishani akawepo panya mzima, moyo umekaa ndani ya mbavu zake. Darasa zima tulitoa sauti. Kisha akaisogeza nailoni moja kwa kidole, kidogo tu, upana wa ukucha.

"Sasa tazameni. Moyo uko nje ya mbavu. Daktari bado anashangaa picha, mgonjwa ameshazikwa. Kwa hiyo sheria ni moja. Mnyama asisogee kati ya picha mbili."

Nilikwenda nyumbani nikamchorea mama kitu kile kwenye mfuko wa chumvi. Namchukia yule mtu, lakini siku ile siwezi kuifuta. Yeye ndiye aliyekuwa hodari wa kufuta, si mimi.

Baadaye alikwenda Ulaya kusoma. Aliporudi tulikuwa tumeshamaliza shule, na nchi ilikuwa imefunguliwa kila upande. Mashirika yameuzwa, watu wamepunguzwa kazini, kila mwenye chumba cha mbele amekigeuza duka. Ukimwamkia mtu anakujibu kwa mradi wake. Mwalimu naye alirudi na mradi. Alikuja na kompyuta tatu, akapanga chumba Mandewa nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, akatangaza anatafuta wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne, wenye mkono uliotulia. Alituchukua mimi na Zainabu, niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza.

Kazi ilikuwa hii. Huko Ulaya walikuwa wanatengeneza mashine ya kupiga picha wanyama wadogo, yenye macho mawili kwa pamoja. Jicho moja linaona mifupa na nyama, la pili linaona dawa uliyomdunga mnyama imekwenda kukaa wapi. Ni zile nailoni mbili, isipokuwa sasa ni chuma. Lakini kabla ya kumweka mnyama hai ndani yake wanataka kuijaribu kwanza ndani ya kompyuta, kwa panya wa kompyuta. Mwalimu aliita uigaji. Ili umpate panya wa kompyuta, lazima panya wa kweli agandishwe, akatwe vipande vyembamba kuliko chapati ya maji, kila kipande kipigwe picha. Picha zile zililetwa kwetu kwenye sidii. Sisi tukawa tunazungushia mstari kila kiungo, kipande baada ya kipande: hili ini, hii bandama, hiki kibofu. Mwisho kompyuta inavikusanya vipande, panya anasimama, anageuka, unamtazama kutoka popote.

"Huyu hafi," Mwalimu alikuwa akituambia, na macho yake yanang'aa kabisa. "Mpe dawa mara elfu, hafi. Kosea kwake, usikosee kwenye uhai. Kwa ajili yake panya wangapi hawatachinjwa?"

Maneno mazuri. Alikuwa nayo mengi. La pili alilolipenda lilikuwa hili: "Cha kawaida kwanza, vingine baadaye." Ukimuuliza lolote, kwa nini hatufanyi hivi, kwa nini tusianze na vile, anakujibu hivyo. Nilidhani ni hekima.

Nilipoanza kazi mwanangu alikuwa na miezi mitano. Baba yake alikuwa amekwenda Mererani kutafuta mawe, na mpaka leo anayatafuta. Mama alikuwa Mtinko na shamba lake. Kwa hiyo siku ya kwanza nilikwenda na mtoto mgongoni, kama mwanamke mwingine yeyote anavyokwenda shambani, kisimani, sokoni. Mwalimu alinipokea mlangoni.

"Karibu binti. Mtoto mzuri. Utamwacha wapi?"

"Nipo naye, Mwalimu. Analala tu."

"Analala, kisha anaamka," akasema, anatabasamu. "Humu kuna nyaya, na mkono ukishtuka mstari unaharibika. Mwachie mtu, binti. Ni kwa faida yake."

Nikamwachia Mama Rehema, jirani aliyekuwa akikaanga maandazi nyumba ya tatu kutoka pale. Nyumba ya tatu! Ukuta wa chumba kile ulikuwa tofali za kuchoma, na mashine ya alizeti ikinyamaza kidogo nilikuwa namsikia mwanangu akilia. Namjua mwanangu akilia. Na si mimi tu niliyesikia. Mwalimu alikuwa anainuka, anakwenda dirishani taratibu, anafunga. Mashine ya alizeti ilikuwa inatetemesha meza mpaka vikombe vinacheza, hiyo aliivumilia. Mtoto wa miezi mitano ndiye aliyemharibia utulivu.

Wiki za mwanzo maziwa yalinijaa mpaka kifua kikawa jiwe. Yanatoka yenyewe, blauzi inalowa, mkono wangu uko kwenye figo ya panya. Zainabu ananinong'oneza, "Shoga, umekuwa bomba la maji." Tunacheka kwa kuziba midomo, kwa sababu ukilia je?

Nilimwomba saa moja mchana.

"Mwalimu, naomba niwe natoka nikamnyonyeshe. Nakimbia, narudi."

Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, tabia yake hiyo kila anapokwenda kukunyima kitu. "Binti, mstari wa asubuhi na mstari wa mchana lazima utoke kwenye mkono mmoja. Ukitoka ukarudi, umerudi na mkono mwingine. Moyo unakwenda mbio, vidole vimechoka. Unakumbuka ile sheria?"

"Mnyama asisogee."

"Ehee. Unakumbuka vizuri."

Akanisifu! Nikarudi kwenye kiti changu nimesifiwa, na mwanangu anakunywa uji wa maji kwa Mama Rehema.

Kuna siku walikuja wageni, wawili kutoka Dodoma na mmoja wa huko huko Ulaya. Mwalimu alitupa makoti meupe tuvae. Mimi aliniambia, "Funga mpaka juu, binti," maana blauzi ilikuwa imeshaanza kulowa. Kisha akasimama katikati yetu. "Hawa ni mabinti zangu. Nimewachagua kwa utulivu wao. Bado hawajawa na familia." Yule mgeni akatikisa kichwa kwa furaha. Zainabu akanitazama. Mimi nikatazama sakafu, na ndani ya lile koti maziwa yanatiririka mpaka kiunoni. Nilikuwa nimefutwa huku nimesimama pale pale.

Nafika sasa kwenye jambo lenyewe.

Tulikuwa tumemaliza kifua cha panya tukashuka tumboni. Kipande kimoja nikaona kitu kando ya utumbo, mviringo, kina uti wa mgongo mwembamba kama uzi. Nikazungushia mstari, nikidhani labda ni uvimbe. Kipande kilichofuata kikaonekana tena, na kingine kando yake. Kipande cha tatu nikaona kichwa. Nikaacha kila kitu nikasema, "Zainabu, njoo uone. Huyu ana watoto."

Tuliwafuata wote, kipande kwa kipande. Wamepangana pande mbili kama maharage ndani ya ganda. Niliwazungushia mistari mmoja mmoja, vizuri kuliko nilivyowahi kuchora kiungo chochote, sijui kwa nini. Kisha nikamwita Mwalimu. Nilikuwa na furaha, niseme kweli. Nilidhani nimempa zawadi.

Alisimama nyuma yangu muda mrefu. Akavua miwani.

"Wafute," akasema. "Jaza utumbo hapo."

"Lakini wapo, Mwalimu."

"Wapo. Ila sisi tumeagizwa panya wa kawaida. Mwenye mimba si wa kawaida. Tukiwaambia, watatuma panya mwingine na tutaanza upya kuanzia puani."

Zainabu akadakia, yeye hakuwa na breki mdomoni. "Mwalimu, panya jike asiye na mimba umewahi kumwona wapi? Ghalani kwetu huyo ndiye angekuwa wa ajabu."

Mwalimu akacheka kwa dhati, akamgusa bega. "Kawaida ya ghalani na kawaida ya maabara ni mbili, binti. Cha kawaida kwanza. Vingine baadaye."

Basi nikawafuta. Neno lake, mkono wangu. Palipokuwa na kichwa nikaweka rangi ya utumbo. Palipokuwa na uti wa mgongo, utumbo. Ilipofika jioni yule panya, mpaka pale tulipofikia, alikuwa amesimama kwenye kioo anageuka taratibu, tumbo lake limejaa utumbo mwingi ajabu, na Mwalimu anamtazama kama mtu anayetazama arusi. "Safi," akasema. "Safi kabisa."

Mtu asiyeweza kusikia kuku akichinjwa.

Mwezi huo huo mwanangu alianza kunyauka. Shavu likaingia, nywele zikawa nyekundu nyekundu, akawa anakaa pale unapomweka kama mzigo. Uani wanawake wakaanza maneno yao. "Kabemendwa huyo. Mama yake hakutulia akiwa ananyonyesha, mtoto ndiye analipa." Mume yuko Mererani, na mimi kila siku naonekana naingia kwenye chumba cha mwanamume, jioni natoka. Unafikiri walihitaji ushahidi gani zaidi? Mama Rehema aliwajibu, "Mtoto ana njaa ya mama yake, nyie wachawi," lakini mtu mmoja atawajibu wangapi. Mwalimu aliyasikia. Mke wa mwenye mashine ya alizeti aliyasema dirishani kwa Mwalimu makusudi. Neno moja tu kutoka kinywani mwake, mtu anayeheshimiwa vile, lingewanyamazisha. Aliniambia mimi badala ya kuwaambia wao: "Usiwasikilize, binti. Ni watu wasio na elimu." Akafunga dirisha.

Siku mtoto alipokataa hata uji, nilimfunga mgongoni nikaenda hospitali na sikupita kazini kuaga. Tulilazwa. Nesi alinigombeza mbele ya wodi nzima, wewe mama una kifua kama hicho na mtoto amekauka hivi, na alikuwa anasema kweli, ila kweli yote hakuijua. Nilirudi kumnyonyesha kwa shida, kifua kimeshaanza kukauka. Mtoto ananyonya, analala, ananyonya. Nilimtazama pumzi, kila pumzi. Panya wa kompyuta hafi. Wangu mimi alikuwa anaweza.

Zainabu alikuja na kuku aliyechemshwa kwenye sufuria, na sukari.

"Kutoka kwa Mwalimu," akasema, hanitazami.

Nikamuuliza, "Amesema nini?"

"Amesema pole." Akafunika sufuria. "Na anauliza bandama uliachia kipande gani."

Nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. Kuku nilimla. Alikuwa wa kienyeji, mtamu, na nilikuwa nahitaji maziwa. Nilimla mpaka mifupa, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akila. Jibu la bandama sikulituma. Wiki ile ile aliweka msichana mwingine kwenye kiti changu, asiye na mtoto.

Mwanangu alipona. Namshukuru Mungu, nesi yule yule, na Mama Rehema. Mwalimu simweki kwenye hiyo orodha, kuku wake nilishamlipa kwa kumtafuna.

Nilimwona tena mwaka huu. Siku hizi nauza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu, chupa zimepangwa kwenye meza, magari ya Manyoni na Dodoma yanasimama. Alikuja kwa miguu. Amekonda, miwani imefungwa kamba. Nilitamani nigeuze uso, lakini kwetu mtu hasusi salamu ya mkubwa, hata akiwa amekula nyama yako.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo."

Akachukua chupa moja, akainyanyua juani, akatazama ndani yake kama alivyokuwa akitazama nailoni zile. "Safi. Unachuja mwenyewe?"

"Nachuja mwenyewe."

Akaishika tu ile chupa. Kisha akasema, "Wanamtaka sasa."

"Nani?"

"Mwenye mimba. Wanataka kujua dawa ikipita kwa mama inawafikia watoto au inaishia wapi. Zile picha za mwanzo ninazo, binti. Sikuzitupa. Nilikuambia, vingine baadaye. Ndiyo baadaye yenyewe hii." Macho yake yakang'aa yale yale. "Zainabu ameolewa Manyoni. Nakutaka wewe. Mkono wako ndio uliowapitia mara ya kwanza."

"Niliwafuta, Mwalimu."

"Uliwachora, ndipo ukawafuta."

Sijui nini kilinituma kuuliza. "Walikuwa wangapi?"

"Saba," akasema pale pale, bila kufikiri. "Wanne kulia, watatu kushoto. Wa mwisho kushoto alikuwa mdogo kuliko wenzake." Sauti ilimshuka. "Huyo nimemfikiria sana."

Kwa muda mfupi nilimwona yule wa kidato cha pili, jua limesimama nyuma yake dirishani. Na kazi naitaka. Nisidanganye, mafuta haya hayanitoshi, na mkono wangu unakumbuka. Ndipo mwanangu akatoka chini ya meza, ana hindi la kuchoma mkononi, masizi mpaka masikioni. Anakwenda mwaka wa nne. Akamtazama mzee, akakumbuka adabu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Mwalimu akainama kidogo. "Huyu ndiye yule?"

"Ndiye yule."

"Amekua."

"Nikija, naja naye," nikasema. "Atakaa humo humo ndani, karibu na mimi."

Mwalimu akavua miwani. Akashika pindo la shati.

"Binti, unajua mle kuna nyaya nyingi."

Nikaichukua chupa yangu mkononi mwake, nikairudisha mezani kwenye mstari wake. Naye, kwa kuwa ni mpole, na mtu mpole haondoki vibaya, akamgeukia mtoto na kutabasamu. Watoto wa panya saba anawajua kulia na kushoto. Huyu aliyemsikia akilia ukutani miezi yote ile, aliyemfungia dirisha kila alipolia, ndiyo kwanza anamuuliza:

"Na wewe unaitwa nani?"

Mtoto akafungua mdomo. Nikamshika bega.

"Umeshamwamkia, inatosha," nikamwambia. "Jina usimpe."